Aligeta, Ndugu wa Mamba Aishiye Ng'ambo

Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Ndivyo wasemavyo Waswahili, na msemo huo huwakumbusha watu kwamba wafananao kwa umbo si lazima wawe wamoja kwa asili. Yuko mnyama mwingine awezaye kupita katika msafara huo bila kutambuliwa, naye ni aligeta. Huyu si kenge, wala si mamba kamili kama yule wa Mto Tana au wa Ziwa Turkana, bali ni jamaa yake wa mlango wa pili. Katika Afrika nzima hakuna mto wala ziwa ambamo aligeta huishi kwa asili. Makao yake ni Marekani ya kusini-mashariki, na katika Uchina wako wachache wa aina nyingine, walio wadogo zaidi.

Habari za mnyama huyu zastahili kusomwa na mkulima, tena si kwa kustaajabia viumbe tu. Aligeta huishi katika vinamasi, na kinamasi ndicho ardhi ambayo mkulima huitazama kwa jicho la kuitaka. Anaweza kukikausha akapanda, au kukiacha kama kilivyo akaambiwa kwamba anapoteza mali. Katika nchi mbili jambo hilo limeamuliwa kwa njia mbili mbalimbali, na matokeo yake yaonekana hata leo.

JINA NA UKOO

Wahispania walipofika Florida katika karne ya 16 walimwita mnyama huyu "el lagarto", maana yake mjusi. Waingereza waliosikia maneno hayo waliyaunganisha yakawa neno moja, na kutoka hapo likapatikana jina aligeta. Wataalamu wa wanyama humweka katika jamii moja na kaimani wa Amerika ya Kusini, ilhali mamba wa Afrika yu katika jamii ya pili. Kati ya aligeta wenyewe zimebaki aina mbili tu duniani: mmoja ni wa Marekani, na mwingine ni wa Uchina.

Aligeta wa Marekani hupatikana kuanzia jimbo la North Carolina hadi Texas, lakini walio wengi wako Louisiana na Florida. Katika Florida hakuna wilaya hata moja isiyo na aligeta. Hesabu yao yote katika majimbo hayo hukisiwa kuwa yapata milioni 5.

JINSI YA KUMTAMBUA

Mtu akitaka kumtofautisha aligeta na mamba, na atazame kichwa. Mdomo wa aligeta ni mpana na umeviringika mbele kama sepetu, na ule wa mamba huchongoka zaidi. Tena atazame meno wakati kinywa kimefungwa. Mamba huonyesha jino la nne la taya ya chini, ambalo hutokeza nje juu ya mdomo, na kwa sababu hiyo huonekana kama anayecheka. Kwa aligeta jino hilo huingia katika kishimo cha taya ya juu, lisionekane. Rangi ya aligeta mzima ni nyeusi au kijivu kilichokolea. Watoto wake wana mistari ya manjano inayowasaidia kujificha kati ya nyasi na vivuli.

Dume hufikia urefu wa futi 11 au zaidi, na jike mara chache hupita futi 9. Mwaka 2014 katika jimbo la Alabama aliuawa aligeta mwenye urefu wa futi 15 na inchi 9, na uzito wake ulipita ratili 1,000. Wakubwa kama huyo ni nadra mno.

Kinywani mwake mna meno yapatayo 80 kwa wakati mmoja. Jino likivunjika au kuchakaa, jingine huota mahali pake, hata imekisiwa kwamba katika maisha yake yote aligeta aweza kutumia meno 2,000 hadi 3,000. Misuli ya kufunga taya ina nguvu za kuvunja gamba la kobe kama mtu avunjavyo karanga. Lakini misuli ya kufungua ni dhaifu, hata mtu mzima aweza kumziba kinywa kwa mikono miwili, na ukanda mmoja watosha kumfunga. Watu wafanyao kazi hiyo huanza kwa kumfunika macho, wakajihadhari sana na mkia, kwa maana mkia huo ni karibu nusu ya urefu wake wote.

MWILI WA AJABU

Aligeta ana mambo mengi ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ya ndege na wanyama wanyonyeshao tu. Moyo wake una vyumba vinne, kinyume cha moyo wa mjusi au nyoka wenye vyumba vitatu. Awapo chini ya maji aweza kupitisha damu kwa njia nyingine isiyokwenda mapafuni, na kwa hiyo hewa kidogo aliyovuta humtosha kwa muda mrefu. Akitulia aweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima. Nyuma ya ulimi wake uko mkunjo wa nyama ambao huziba koo kama mlango, naye aweza kufungua kinywa majini amkamate samaki pasipo maji kuingia mapafuni.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza kwamba hewa katika mapafu ya aligeta huenda kwa upande mmoja tu, kama ilivyo katika mapafu ya ndege. Kwa binadamu hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile, kama watu watumiao mlango mmoja. Kwa aligeta huzunguka kama watu waingiao kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Jambo hilo lapatana na wasemavyo wataalamu kwamba katika viumbe vyote vilivyo hai leo, jamaa wa karibu zaidi wa mamba na aligeta si mjusi, bali ni ndege. Kuku wa nyumbani na aligeta wa kinamasini wana babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Juu ya taya zake vimo vidoadoa vingi vyeusi, vidogo kama vichwa vya pini. Zamani watu hawakujua kazi yake. Mwaka 2002 ilibainishwa kwamba kwa vidoadoa hivyo aligeta husikia mtikisiko mdogo kabisa wa maji. Tone moja likianguka katika dimbwi usiku wa giza, hugeuka upande ule ule lilikoanguka ijapokuwa haoni wala hasikii kwa masikio. Mamba wa Afrika ana vidoadoa hivyo mwili mzima. Aligeta anavyo katika taya tu.

Liko jambo jingine linalowatenga. Mamba ana tezi katika ulimi za kutoa chumvi mwilini, na ndiyo sababu aweza kukaa katika maji ya bahari. Aligeta hana tezi zifanyazo kazi hiyo. Huweza kuingia baharini kwa muda mfupi, lakini hurudi upesi katika maji baridi. Kwa upande mwingine, aligeta huvumilia majira ya baridi kuliko mamba. Wakati huo huacha kula, akaingia katika shimo lake au kutulia chini ya maji. Mnamo Januari 2018, maji ya kinamasi kimoja huko North Carolina yalipoganda kuwa barafu, aligeta walionekana wametokeza ncha za pua juu ya barafu wapate kupumua, na miili yao ikabaki chini bila kujitikisa. Barafu ilipoyeyuka walikwenda zao wakiwa hai.

CHAKULA CHAKE

Aligeta mdogo hula wadudu, konokono, vyura na samaki wadogo. Kadiri akuavyo ndivyo mlo ubadilikavyo: samaki wakubwa, kobe, nyoka, ndege wa majini, na wanyama wanaokuja kunywa maji. Hula hata mizoga. Isitoshe, imeonekana katika matumbo yao kwamba hula matunda pia, nao huenda wakasaidia kueneza mbegu kinamasini. Kwa kuwa mwili wake haujitengenezei joto kama wa binadamu, mahitaji yake ya chakula ni madogo. Mnyama wa damu moto mwenye uzito sawa naye angekufa njaa mahali ambapo aligeta hunenepa.

UCHUMBA, KIOTA NA MAYAI

Katika mwezi wa Aprili na Mei, joto linapoanza kurudi, vinamasi vya Florida na Louisiana hujaa ngurumo. Dume huinua kichwa na mkia juu ya maji, huvuta hewa nyingi, kisha hunguruma. Kabla ya sauti isikiwayo na watu hutangulia mtetemo mzito usiosikiwa na sikio la binadamu, nayo maji yaliyo juu ya mgongo wake huruka kama mafuta katika kikaango. Majike nao hujibu, na mara nyingi akianza mmoja alfajiri, wengine wote wa jirani hufuata.

Watafiti katika hifadhi ya Rockefeller, Louisiana, waliwafuatilia majike kwa miaka mingi wakitumia uchunguzi wa damu, na mwaka 2009 walieleza kwamba katika majike waliokamatwa tena, karibu 7 katika kila 10 walikuwa wamerudi kwa dume yule yule wa miaka iliyopita. Hawakulazimishwa, kwa maana madume wengine walikuwako tele.

Mamba wa Afrika huchimba shimo katika mchanga akayafukia mayai yake humo. Aligeta hafanyi hivyo. Jike hukusanya majani, matete na matope, akafanya kichuguu chenye kimo cha futi 2 au 3 na upana wa futi 6 au zaidi. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai hutaga humo mayai 35 hadi 50, kisha huyafunika. Majani hayo huoza, na kuoza kwake huleta joto, kama mkulima ajuavyo akitia mkono ndani ya lundo la samadi. Hilo ndilo joto la kuyalea mayai kwa muda wa siku 65 hivi. Jike halalii, bali hukaa karibu akilinda.

Hapa ndipo penye ajabu kubwa kuliko zote. Yai la aligeta linapotagwa si la dume wala si la jike. Mwaka 1982 Mark Ferguson wa Belfast na Ted Joanen wa Louisiana walieleza kwamba mtoto hupata kuwa dume au jike kwa kadiri ya joto la kiota. Yai likikaa katika joto la digrii 30 za sentigredi au chini yake, hutoka jike. Likikaa katika digrii 33 hivi, hutoka dume karibu kila mara. Kati ya vipimo hivyo hutoka mchanganyiko. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba joto likizidi mno majike huonekana tena, lakini mayai mengi huharibika. Basi kiota kilichojengwa mahali pa majimaji penye kivuli, na kile kilichojengwa juu ya tuta kavu lipigwalo na jua, huweza kutoa watoto wa jinsia mbalimbali ingawa mama zao ni sawa. Mabadiliko ya hali ya hewa yanayoongeza joto la dunia yamewapa wataalamu sababu ya kulichunguza jambo hilo kwa makini, kwa maana tofauti ya digrii 3 tu yaweza kugeuza kizazi kizima.

Mwezi wa Agosti unapokwisha watoto huanza kulia wangali ndani ya mayai. Mama asikiapo sauti hiyo hufukua kiota, na yai lisilofunguka huliminya polepole kwa ulimi na kaakaa hata likapasuka. Kisha huwabeba watoto kinywani, kinywa kile kile kivunjacho kobe, akawatia majini. Watoto hao, wenye urefu wa inchi 8 au 9, hukaa pamoja karibu na mama yao kwa mwaka mmoja au zaidi. Mmoja akilia kwa hofu, mama huja mbio.

Hata hivyo maadui ni wengi: rakuni, fisi maji, korongo, samaki wakubwa, na aligeta wakubwa wenyewe. Idara ya wanyamapori ya Florida hukadiria kwamba katika kiota chenye mayai 38 ambacho hakikufurika wala kufukuliwa, huzaliwa watoto 24 hivi. Baada ya mwaka mmoja hubaki 10. Wafikiao urefu wa futi 4 ni 8. Na wafikiao utu uzima, yaani futi 6, ni 5 tu. Safari hiyo huwachukua miaka 10 hadi 15.

MCHIMBA VISIMA WA KINAMASI

Kusini mwa Florida kuna kinamasi kikubwa mno kiitwacho Everglades, ambacho sehemu yake ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1947. Huko mvua hunyesha nusu ya mwaka, na nusu nyingine ni kiangazi. Wakati wa ukame aligeta hutumia miguu, mkia na mdomo kuchimba na kung'oa magugu katika mabonde ya kinamasi, akafanya kisima chake. Maji yanapokauka kila mahali, kisima cha aligeta hubaki na maji. Samaki, kobe, konokono na vyura hukimbilia humo; ndege huja kuwala samaki; nao wanyama wengine huja kunywa. Mwenye kisima hula baadhi ya wageni wake, lakini walio wengi huokoka, na mvua zirudipo husambaa tena kinamasini kote. Pasipo visima hivyo samaki wengi wangekufa, na ndege wangekosa chakula cha makinda yao.

Ndege nao wanajua faida nyingine. Korongo hupenda kujenga viota katika miti iliyo juu ya maji yenye aligeta, kwa kuwa rakuni apandaye miti kuiba mayai huogopa kuogelea hapo. Ada ya ulinzi ni kinda mmojammoja aangukaye majini.

HATARI KWA WATU

Aligeta si mnyama wa kuchezewa, lakini kwa tabia yake humwogopa mtu. Katika Florida, jimbo lenye watu zaidi ya milioni 20, wastani wa watu 8 kwa mwaka huumwa na aligeta bila kumchokoza kiasi cha kuhitaji daktari, na wafao ni wachache sana. Mara nyingi chanzo cha balaa ni watu kuwatupia chakula. Aligeta aliyezoea kulishwa husahau hofu yake. Humfuata kila mtu aonekanaye ukingoni, naye hana akili ya kupambanua mkono na mkate. Kwa sababu hiyo sheria ya Florida inakataza kuwalisha, na aligeta aliyezoea watu hana budi kuondolewa, mara nyingi kwa kuuawa. Aliyemlisha kwa huruma ndiye aliyemwua.

Msomaji akaaye kando ya Tana, Galana au Mara asichukue habari hizi akazitumia kwa mamba wa kwao. Mamba wa Afrika ni mwindaji wa wanyama wakubwa, na binadamu ampatapo humhesabu kuwa mmoja wao. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto ni shauri jema kwa mto wa Kenya hata kama aligeta wa Florida hukimbia mtu akikohoa.

UMRI

Porini aligeta huishi miaka 30 hadi 50, na akitunzwa huishi zaidi. Aligeta mmoja aliyeitwa Saturn alizaliwa Mississippi yapata mwaka 1936, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Berlin. Mnamo Novemba 1943 bustani hiyo ilipigwa mabomu na wanyama wengi wakafa. Saturn alitoweka. Mwaka 1946 askari wa Kiingereza walimwona, wakamtoa kwa Warusi, naye akapelekwa Moscow. Hakuna ajuaye kwa yakini alikula nini na kujificha wapi kwa miaka ile mitatu katika mji uliokuwa ukiteketea. Alikufa Moscow mwezi wa Mei 2020, umri wake ukiwa miaka 84 hivi.

BIASHARA YA NGOZI

Adui mkubwa wa aligeta hakuwa mabomu bali kiatu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, ngozi ya ng'ombe ilikuwa haba, na watu wakatengeneza viatu na matandiko ya farasi kwa ngozi ya aligeta. Baada ya vita ngozi hiyo ikawa ya fahari. Mikoba, mikanda na viatu vyake viliuzwa kwa bei kubwa katika miji ya Marekani na Ulaya. Wawindaji waliingia vinamasini usiku na taa, kwa kuwa macho ya aligeta yamulikwapo hung'aa kama makaa mekundu, wakawaua bila hesabu. Wakati huo huo vinamasi vilikaushwa kwa ajili ya miwa, mboga na nyumba.

Kufika mwaka 1962 katika Louisiana walikuwa hawafiki 100,000. Mwaka huo Louisiana na Florida zilipiga marufuku uwindaji. Mwaka 1967 serikali kuu ya Marekani ikamtia aligeta katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na mwaka 1969 ikazuia kusafirisha ngozi za magendo kutoka jimbo hadi jimbo. Sheria hiyo ya biashara ndiyo iliyouma. Mwindaji mmoja kinamasini usiku ni vigumu kumkamata, lakini mnunuzi mwenye ghala na vitabu vya hesabu hawezi kujificha.

Aligeta wakaanza kuongezeka upesi kuliko ilivyotazamiwa, na mwaka 1987 ilitangazwa kwamba wamepona kabisa.

SHAURI LA LOUISIANA

Louisiana haikuishia katika marufuku. Sehemu kubwa ya vinamasi vya jimbo hilo ni mali ya watu binafsi, na wakuu wa wanyamapori walijua kwamba mtu asiyepata kitu katika kinamasi chake atakikausha au kukiuza. Basi mwaka 1972 uwindaji ulifunguliwa tena katika wilaya moja tu, kwa masharti magumu, na baadaye ukaenezwa katika jimbo zima.

Kila mwaka maofisa huhesabu viota kutoka angani. Kwa hesabu hiyo, mwenye ardhi hupewa vibati vyenye namba, na kila aligeta auawaye hana budi kufungwa kibati kimoja mkiani. Ngozi isiyo na kibati haiuziki. Msimu hufunguliwa zaidi mwezi wa Septemba, kwa maana wakati huo majike wamo ndani ya matete pamoja na watoto wao, na walio katika maji wazi wengi wao ni madume.

Tangu mwaka 1986 ukaongezwa utaratibu wa mayai. Mfugaji mwenye leseni humlipa mwenye kinamasi, huyaokota mayai, huyaangua katika mashine, na kuwalea watoto katika mabanda yenye joto. Akisha kuwalea hana budi kuwarudisha baadhi yao kinamasini wakiwa na urefu wa futi 4 hivi. Hapo mwanzo aliagizwa kurudisha 17 katika kila 100, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu iliyokisiwa ya wale ambao wangefikia kimo hicho porini kwa uwezo wao wenyewe. Viota vilipoongezeka, hesabu ya kurudishwa ikapunguzwa. Hivi leo Louisiana hukisiwa kuwa na aligeta wa porini zaidi ya milioni 2. Mwenye ardhi hupata fedha za ngozi, nyama na mayai, na ili zisikome hukiacha kinamasi kiwe kinamasi.

NDUGU WA UCHINA

Mambo hayakwenda hivyo kwa aligeta wa Uchina. Huyu ni mdogo. Mara chache hupita futi 7. Huishi katika bonde la chini la Mto Yangtze, na wenyeji humwita joka la udongo. Huchimba mashimo marefu yenye vyumba na milango kadhaa, akalala humo wakati wa baridi. Bonde lile ni nchi ya mpunga, na karne kwa karne kila kinamasi kiligeuzwa kuwa shamba. Aligeta akabaki katika vidimbwi vya katikati ya mashamba, akitoboa matuta ya kuzuia maji na kukamata bata wa wakulima. Mkulima hakupata faida yo yote kwake, naye alimwua kila alipomwona.

Uchunguzi uliofanywa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliobaki porini hawakufika 150, wametawanyika katika vidimbwi vya mkoa wa Anhui. Kwa bahati njema serikali ilikuwa imefungua kituo cha kuwazalisha mwaka 1979. Aligeta wapatao 200 waliokusanywa siku zile wamezaa hata kituo kimekuwa na zaidi ya 10,000. Tangu mwaka 2003 baadhi yao wamekuwa wakirudishwa porini. Shida si aligeta tena. Shida ni mahali pa kuwaweka. Kuzalisha mnyama ni kazi ya miaka michache, lakini kinamasi kilichokwisha kuwa shamba la watu hakirudi upesi, wala si haki kumfukuza mkulima shambani mwake bila kumlipa.

LINALOFAA KUKUMBUKWA

Aligeta wa Louisiana na yule wa Anhui hawatofautiani sana kwa tabia. Wote hula bata, wote huchimba, wote huogopwa. Mmoja amekuwa mali kwa sababu palikuwa na hesabu ya kweli, sheria iliyomgusa mnunuzi, na faida iliyomfikia mwenye ardhi. Mwingine alikaribia kwisha kwa sababu hasara yake ilimwangukia mkulima peke yake, na ye yote aliyetaka mnyama huyo aishi hakulipa cho chote.

Katika Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na mtu asidhani kwamba habari hizi zampa ruhusa ya kuokota mayai ya mamba mtoni. Wako wafugaji wa mamba wenye leseni, na mwenye kutaka kazi hiyo, au mwenye kusumbuliwa na mamba mahali pa kutekea maji, afike katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu naye. Lakini mwenye kinamasi katika shamba lake anaweza kuanza leo bila kuomba kibali cha mtu. Kabla hajachimba mfereji wa kukikausha, na ahesabu kwanza samaki, matete, nyasi za kiangazi na maji ya kisima vitokavyo humo, aone kama gunia za mahindi atakazovuna zitapita hesabu hiyo. Wengine waliofanya hesabu hiyo baada ya kuchimba waliona wamekwisha chelewa.